Parseli Isiyotaka Kufunga

“Babu, sasa hawa watu hawaanguki?”

Aliyeuliza ni Sumaya, mtoto wa nyumba ya pili, ambaye leo yuko sekondari na ndiye anayeandika haya. Siku ile alikuwa hajaanza hata shule. Alipiga magoti barazani kwa Mzee Sulemani, pale mtaani Buyenzi, jicho moja kalifumba, jingine kalibandika kwenye darubini ya kupimia viwanja. Mle ndani mnara wa msikiti ulining'inia kichwa chini. Barabara ilikuwa juu, mbingu ziko chini, na watu waliotoka kuswali walipita miguu juu kama popo waliokumbuka kwamba wana shughuli sokoni. Darubini za zamani za kazi ile ndivyo zilivyokuwa. Zinageuza kila kitu, na mpimaji anazoea mpaka anasahau kwamba kuna kilichogeuzwa.

Mzee Sulemani hakujibu. Alimwondoa mtoto polepole, akaitia darubini sandukuni, akaingia ndani. Sumaya akabaki barazani akidhani amekosa adabu.

Mzee huyo alikuwa Mswahili wa Buyenzi hasa, baba yake kazaliwa hapo na babu yake kazikwa hapo. Kazi ya kupima aliifunza kwa mjenzi mmoja Mgiriki, na Mgiriki alipofunga safari ya kwao akamwachia darubini na miguu yake mitatu. Kabla ya vita hakuna ukuta uliosimamishwa kule Asiatique kwenye maduka bila yeye kuitwa. Wafanyabiashara wawili wakigombania uchochoro, wanasema, “Muite Sule,” na Sule anakuja na mshika ufito wake, Akilimali, mtu mrefu mwenye maneno mengi, ambaye kazi yake ilikuwa kusimama na ule ufito wenye rangi nyekundu na nyeupe huku akiwatania wapita njia.

Mwaka wa tisini na tano mji ulikuwa umekatwa vipande na vita. Mtaa huu hauendi mtaa ule. Binti yake wa pekee, Waridi, alikuwa ameolewa Kamenge, kaskazini, na fundi magari aitwaye Faridi, mwenye gereji nyuma ya nyumba. Sikukuu ya Idi Waridi alikuja kuwasalimu wazazi. Jioni akiwa anajitanda aondoke, baba yake alimsimamisha mlangoni.

“Baki hapa, mwanangu.”

“Na Faridi nimuachie nani, baba? Magari?”

“Aje naye.”

“Si unamujua? Akiacha zile gari za watu watasema ameziiba. Hawezi.”

Mzee akatazama chini, kisha akatazama upande wa milima. “Basi sikiliza. Kila asubuhi ukishaamuka, tundika kile kikwembe chako cha manjano kwenye ukuta wa nyuma, ule unaoangalia mulima. Nikiona nguo, nitajua mumeamuka salama. Mi nitatafuta pa kukuonea.”

Waridi alicheka mpaka ushungi ukamdondoka. “Utanionea wapi, baba? Mbinguni?”

Wiki iliyofuata njia ya Kamenge ilifungwa.

Sasa kulikuwa na Haitham, kijana wa Kiarabu mwenye duka la vitambaa Asiatique. Alikuwa amenunua parseli, kiwanja cha kujenga, Kiriri, kule mlimani kwenye nyumba za wakubwa, kwa mtu aliyekimbilia Ulaya, na alitaka ipimwe ajenge ukuta kabla ya mvua. Wapimaji walimkimbia. Juu ya Kiriri kuna vilima, na kwenye vilima kuna watu wenye bunduki. Chini ya Kiriri kuna bariyeri, kizuizi cha barabarani, na kwenye bariyeri kuna watu wengine wenye bunduki. Mtu anayesimika chombo cha miguu mitatu katikati yao na kuchungulia mji, nani atamwamini kwamba anatafuta pembe za kiwanja?

Haitham alishangaa kumwona Mzee Sulemani mlangoni pa duka.

“Wenzako wote wamekataa, wewe unakuja kabla sijakuita. Mzee Sule, umechoka na maisha?”

“Nimechoka na kukaa.”

Pale bariyeri askari mmoja alilizunguka sanduku kama mtu anayezunguka nyoka. “Muzee, hii ni kitu gani?”

“Jicho tu, kijana wangu. Haina risasi.”

Ikabidi aisimike, askari achungulie. Akamwona mwenzake ananing'inia kichwa chini na bunduki yake, akaangua kicheko, akawaita wengine waje waone. Tangu siku hiyo walimpitisha.

Asubuhi ya kwanza, Akilimali akiwa amekwenda kusimama na ufito kwenye pembe ya mbali, Mzee Sulemani aliizungusha darubini taratibu, akauacha ufito, akaipita miti, akaufuata mji kuelekea kaskazini. Mabati. Moshi. Mabati tena, mengine meusi kwa kuungua. Halafu ukuta, na juu ya ukuta kitu cha manjano kidogo kama punje ya hindi. Akakaza skurubu isicheze. Akatazama mpaka jicho likatoa machozi.

Nyumbani mkewe, Mama Waridi, jina lake Mwanasiti, alikuwa amesimama mlangoni tangu mchana.

“Iko?”

“Iko.”

Ndipo akaweka sufuria motoni. Ikawa ndiyo desturi ya nyumba. Majirani walisikia “Iko?” na “Iko” kila jioni kama wanavyosikia adhana, na wao pia wakapumua.

Tatizo lilikuwa parseli yenyewe. Ni ndogo, kazi yake haimalizi hata siku mbili. Mpimaji huanza pembe moja, akazunguka zote, na akirudi alipoanzia hesabu lazima zikutane. Zikikutana wanasema parseli imefunga, kazi imekwisha. Ya Haitham ilikataa kufunga. Leo Mzee Sulemani analaumu jua, kesho analaumu ukungu wa ziwani, keshokutwa mguu mmoja wa darubini.

“Sule,” Akilimali alimwambia, “mi nimesimama na hii fito mpaka ndege wanataka kunijengea. Kuna parseli inapimwa hapa ao kuna kitu ingine?”

“Simama wima, Akilimali. Unainama.”

“Mi nainama? Ukoo wetu mzima hatujui kuinama!”

Mwisho Haitham akapanda mwenyewe, amekasirika, kofia mkononi kwa jasho. “Parseli gani hii, Mzee Sule? Inakua kama mutoto? Hebu nione hiyo pembe.” Kabla hajazuiwa akainama, akachungulia. Alitegemea kuona ufito. Akaona ua wa watu, maji ya kufulia, na mwanamke anayetundika nguo ya manjano. Alikaa vile muda mrefu.

“Huyu nani?”

“Binti yangu.”

Haitham alinyanyuka. Akavaa kofia yake, akaiweka sawa kwa mikono miwili. “Ni kweli,” akasema, “pembe hii haiko sawa. Nimeiona mwenyewe. Kesho urudi.” Akashuka bila kugeuka nyuma.

Halafu ikaja asubuhi ambayo Buyenzi nzima iliamshwa na milio kutoka Kamenge. Haikuwa ile ya kudonoadonoa waliyoizoea. Ilikuwa kama mabati yanamwagwa kutoka kwenye lori, na lori lenyewe haliishi. Akilimali alisema wasiende. Mzee Sulemani alikuwa ameshabeba sanduku. Bariyeri hakuna aliyeuliza neno, askari walikuwa wametazama kaskazini.

Alisimika darubini. Akilimali akaenda kwenye pembe yake, akashika ufito kwa mazoea tu. Kutoka pale alimwona mwenzake ameinama kimya, mgongo haujongei. Kisha akasikia kitu ambacho hakukitegemea hata kidogo. Mzee Sulemani alicheka. Kicheko kifupi, cha mtu aliyefurahi kweli.

“Sule! Iko nini?”

Mgongo ulibaki umeinama, lakini kicheko kilikatika katikati, na hakikurudi.

Walishuka mlima. Nyumbani Mzee Sulemani aliisimika darubini barazani, asijue anaisimika kwa nini, akakaa. Ndiyo siku mtoto wa nyumba ya pili alipopenyeza jicho lake na kuuliza swali lile. Mzee alipoingia ndani, Mwanasiti alikuwa amesimama akimsubiri.

“Hiyo milio yote. Nguo iko?”

“Iko.”

Kesho yake alikwenda dukani kwa Haitham, akasimama katikati ya majora ya vitambaa. “Imefunga,” akasema. Haitham akaacha mkasi. Alimvutia kiti. Na siku zote zilizofuata Mzee Sulemani aliondoka Buyenzi na sanduku lake kama anayekwenda Kiriri, akashinda kwenye kiti kile, na jioni akarudi kujibu “Iko.” Mwanasiti akaendelea na maisha. Alimnunulia Waridi kitambaa, akakipeleka kwa fundi. Kwenye harusi ya jirani alipiga vigelegele kuliko wote.

Njia ilipofunguliwa, Faridi alikuja kwa miguu, mashavu yameingia ndani, mkononi hana hata mfuko. Mwanasiti alitazama nyuma yake, akamtafuta mwanawe barabarani.

“Yuko wapi mwenzako?”

Faridi akakaa chini, kwenye vumbi. Akasema. Ilikuwa ile asubuhi ya milio. Waridi alikuwa ametoka tu uani kutundika nguo.

“Apana,” Mwanasiti alisema, na sauti yake ilikuwa tulivu kabisa. “Si siku ile. Nguo inatundikwa mpaka jana. Mume wangu anaiona.”

Faridi alimtazama Mzee Sulemani aliyeketi barazani, kisha akatazama mikono yake mwenyewe. “Mama, ile nguo nilimuzika nayo. Sikuwa na sanda.”

Watu walitegemea kilio. Hakikuja. Mwanasiti alimgeukia mumewe, akamwangalia kama anavyoangaliwa mgeni aliyekosea nyumba. “Mwanangu yuko udongoni, na mimi napiga vigelegele kwenye harusi za watu,” akasema. “Hata hitma yake ulininyima.”

Ndilo neno la mwisho kubwa alilomwambia. Hakumwacha. Alimpikia, alimfulia, alimjibu akiulizwa chumvi iko wapi. Lakini jioni hakusimama tena mlangoni, na hakumwuliza tena kitu chochote, hata kama anaumwa. Sanduku likaingia chini ya kitanda. Haitham alimwita mara nyingi, mji ulipoanza tena kujengwa palepale penye makovu, Mzee Sulemani akakataa. Siku hizi, alisema, kuna vijana wenye darubini mpya zinazoonyesha watu wamesimama sawasawa. Wawaite hao.

Mwaka jana, shuleni kwa Sumaya, walianza somo la vioo na mwanga. Akakumbuka. Akaja mbio na sare yake ya shule, akamsihi babu amwonyeshe tena kile chombo. Mzee Sulemani, mgongo sasa umepinda, alilivuta sanduku, akaisimika darubini barazani. Mwanasiti alikuwa kizingitini na ungo wa mchele, anachagua mawe.

Msikiti ulikuwa bado uko kichwa chini. Watu bado wanapita miguu juu. Sumaya alicheka.

“Babu, zamani nilikuuliza kitu hapahapa. Hukunijibu.”

“Naikumbuka. Uliniuliza kama hawaanguki.”

Vidole vya Mwanasiti vikasimama kwenye mchele. Hakuinua uso. Mzee Sulemani aliona, akasema maneno yake akiwa amemtazama mtoto, lakini kwa sauti ya kufika kizingitini.

“Wanaanguka, mutoto wangu. Ila mule ndani mutu anaanguka kwenda juu. Mi maisha yangu yote niliangalia fito, na fito inasimama tu. Sikuwahi kuona mutu anaanguka mule. Alitoka na kikwembe chake mukononi, halafu akapanda juu, na nguo ikapanda naye. Nikajua ameruka. Nikasema, leo ameniona, anarukaruka kama alivyokuwa mudogo nikirudi kazini. Nikacheka.”