Kijiji Alichokichagua Mama

Enzi zetu mtu hakuhamia mahali kwa kutumiwa picha. Alikwenda mwenyewe, juu ya lori la mahindi au kwa miguu, akalala pale, akanywa maji ya pale, akapigwa na upepo wa pale, ndipo akasema nakaa au sikai. Nayasema haya kwa sababu wiki hii shemeji yangu Petro, mdogo wake mume wangu, alitutumia kwenye simu picha za kiwanja cha Namanyere, na chini yake akaandika, "Shem, hapa ni poa sana, mtandao unashika hadi chooni." Nilicheka mpaka nikamwamsha mtoto. Halafu, kusema haki, nikamwandikia kumuuliza kama kweli unashika.

Tunahama, ndugu zangu. Tumekaa Izia, hapa Sumbawanga mjini, tangu tuoane, na Izia sina ubaya nayo, imetulisha. Lakini watoto wetu wawili wanachezea kwenye uchochoro ambao ukinyoosha kanga umeuziba, na sisi sote wawili tumekulia shambani. Mume wangu ni fundi wa mashine za kusaga, kazi anaipata popote penye mahindi. Mimi cherehani yangu inabebeka. Yeye anataka Namanyere. Mimi nataka upande wa Msanzi, kijijini nilikokulia, ambako mama yangu yupo mpaka leo. Hatujagombana. Ila tumeanza kuongea kwa adabu sana, "tafadhali" na "asante" nyingi, na ninyi mlio kwenye ndoa mnajua maana yake.

Ndiyo maana siku hizi nakumbuka sana jinsi wazazi wetu walivyochagua. Mimi si mwandishi, niliishia darasa la saba, na kaka yangu Amba tayari ameniambia kwamba nusu ya ninayoyakumbuka hayakuwa hivyo. Inawezekana. Yeye alikuwa mkubwa kuliko mimi. Lakini yeye naye anasema siku tuliyofika kijijini mvua ilinyesha, na mimi najua haikunyesha, maana kama ingenyesha lisingetokea lililotokea.

Baba alikuwa fundi uashi kutoka Tukuyu. Alikuja Sumbawanga kujenga, ujenzi ulipokwisha akaona afadhali atafute ardhi, awe mkulima anayejenga, kuliko fundi anayengoja kuitwa. Mama alimfuata na sisi, lakini roho yake ilibaki kwao kwenye migomba. Kila asubuhi alifungua mlango, akaangalia ule uwanda wa Ufipa ulivyo wazi, nyasi mpaka macho yanachoka, akajifunga kanga ya pili na koti la baba juu yake, akasema, "Nchi gani hii haina mgomba?" Alisema kila siku, kama sala. Baba alikuwa anajibu, "Mama Tusa, watu wa hapa wanaishi na wananenepa." Tusa ndiye mimi.

Kwanza tulikwenda Namanyere. Baba alikuwa na fundi mwenzake pale, ambaye alikuwa amemwambia kazi za kujenga zipo na eneo la kulima halikosekani pembeni ya mji. Naomba niwe mkweli kwa Namanyere: walitupokea vizuri mno. Tulikula wali na nyama, siku ya kawaida, si sikukuu. Kulikuwa na soko, shule ilikuwa karibu, na basi lilipita mbele ya nyumba. Mama alishika kitambaa sokoni, akauliza bei, akacheka na muuzaji. Njia nzima ya kurudi alitabasamu. Mimi na Amba tukajua kwisha, sisi ni watoto wa Namanyere.

Lakini baba alikuwa ameshaahidi kuangalia na upande wa Msanzi. Wazee wa kijiji kimoja huko walikuwa wamemwonyesha eneo, wakamwambia akikubali kukaa, litakuwa lake. Mama alikubali kwenda kwa sharti moja, aliloliweka mbele yetu tukisikia: "Naenda kuangalia tu. Begi langu sifungui. Nisipopapenda, Namanyere, na usinirudishie maneno." Baba akasema sawa.

Baba alitangulia siku chache ili atengeneze mahali. Na hapa ndipo alipofanya kosa ambalo mpaka leo kijijini wakitaka kucheka wanalitaja. Lile eneo lilikuwa limeota nyasi ndefu, zinafika kifuani. Baba, mtu msafi, fundi aliyezoea kukabidhi kazi iliyofagiliwa, akasema hawezi kumkaribisha mkewe kwenye pori. Akafyeka zote. Jua likawaka siku kadhaa, zikakauka. Akazikusanya, akachoma siku ile ile ya kufika kwetu, watu wote wakiwa mashambani kwao. Sisi tulipofika tulikuta uwanja mweusi safi, na baba amesimama katikati, ufagio wa vijiti mkononi, anang'aa kwa furaha.

Mama akaangalia, akasema, "Umejitahidi."

Kesho yake asubuhi walikuja. Kumbe wanakijiji walikuwa wamepanga kumlimia mgeni, wanaume kwa wanawake, na majembe yao begani. Kule kazi ya namna hiyo mwenye shamba huwaandalia watu kinywaji cha ulezi. Sisi hatukujua, tusingeweza kuandaa, kwa hiyo jirani wa pale, Mama Gaudensia, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, alikuwa ameandaa kwa niaba yetu. Alikuwa amelowesha ulezi wake siku nyingi nyuma, kwa ajili ya watu ambao alikuwa hajawaona. Wakaja na mitungi na vibuyu. Wakafika ukingoni mwa shamba, wakasimama.

Kwa ambao si wa Ufipa nieleze. Mfipa wa asili nyasi hazichomi. Anazikwatua na udongo wake, anazipanga kwa duara, majani ndani, udongo juu, mpaka inakuwa tuta la mviringo kama kichuguu. Wanayaita intumba. Nyasi zinaozea humo, juu yake wanapanda maharage, na msimu unaofuata tuta linatawanywa, unapandwa ulezi au mahindi. Zile nyasi ndiyo mbolea. Nyasi ndefu ndiyo zawadi aliyokuwa amepewa baba, na alikuwa ameigeuza majivu.

Nilimwona baba tabasamu linamtoka polepole, hajui kosa lakini ameshajua lipo. Mama alikuwa amesimama mlangoni kwa Mama Gaudensia, tulikolala, begi lake liko miguuni, bado limefungwa.

Mzee mmoja akainama, akaokota majivu, akayapepeta vidoleni. "Fundi," akasema, "sasa tufunike nini?"

Mama Gaudensia ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akaketi chini. "Amelipika! Baba Tusa amelipika shamba! Limeiva, leteni chumvi!" Basi wote wakaanguka kicheko, mmoja anamshikilia mwenzake. Mwingine akasema, "Huko kwenu Tukuyu mnakula ndizi mbichi, mnapika mashamba?" Baba alisimama pale na ufagio wake, masikio yamekuwa mekundu, ingawa weupe hakuwa nao. Kisha na yeye akacheka. Hapo Amba anabisha, anasema baba hakucheka, alikasirika kwanza. Labda alikasirika kwanza. Mimi nakumbuka alicheka.

Walipotulia Mama Gaudensia akafuta machozi, akasema kwa Kiswahili chake chenye Kifipa ndani, "Haya, majembe hayawezi kurudi nyumbani bila kazi. Kwangu kule upande wa kijito nyasi zipo. Hawa wageni watalima huko mwaka huu. Hapa pakiota tena watalima kwao." Hakumuuliza mtu. Aligeuka akaondoka, wakamfuata wote, na baba akiwa nyuma kabisa akiazimwa jembe.

Walilima mpaka jua likawa kali. Intumba zikaota mstari mmoja baada ya mwingine, wanawake wakiimba na kumtania baba kila alipokosea kupanga majani. Mama alikaa akiangalia. Mchana, watu walipokuwa wanakunywa, nilimsikia akimwambia baba, "Hawa wamekucheka ukiwa umesimama mbele yao. Mjini wangecheka ukishapita. Hapa naweza kukaa." Akaingia ndani. Nilimfuata kwa sababu nilikuwa mtoto wa kufuatafuata. Alikuwa amepiga magoti anafungua begi, na analia, na nilidhani analilia migomba.

Basi tukawa watoto wa kijiji kile, na nashukuru. Namshukuru Mungu, nawashukuru wazazi, nashukuru hata ule moto. Nakumbuka asubuhi za baridi ya Juni, moshi unatoka kwenye kila pua kama tunavuta sigara, tunakimbia mchakamchaka peku kwenye umande ulioganda. Nakumbuka uji wa ulezi, mwekundu, mzito, unaunguza ulimi na bado huwezi kuusubiri. Kuni zilikuwa shida, uwanda ule hauna miti, kwa hiyo tuliota moto wa magunzi, na ugali wa ulezi uliopikwa kwa magunzi una harufu ambayo sijaipata tena popote. Mimi na Gaudensia mwenyewe, yule binti, tulicheza rede mpaka mpira wa soksi ukafumuka, tukaufuma tena. Wavulana walitengeneza magari ya mabua wakawa wanasafiri kwenda Mbeya kila jioni na kurudi kabla ya chakula. Jumapili kengele ya kanisa ilipopigwa kijiji chote kilikwenda. Sisi hatukuwa Wakatoliki, lakini mama alisema kengele ikishamwamsha mtu haina maana kubaki kitandani, tukaenda nao.

Na kila mtu mzima alikuwa mzazi. Usipomwamkia mzee shikamoo huku Mama Gaudensia akikuona, habari ilifika nyumbani kabla yako. Siku hizi kijana anakupita masikioni ameziba vitu, anatikisa kichwa, hujui anakusalimia au ni muziki. Nimesema niwe mkweli: Petro anafanya hivyo, na Petro huyo huyo ndiye aliyekwenda mara tatu kukagua kiwanja chetu bila kuomba nauli.

Kwa hiyo mnaona kwa nini nilitaka Msanzi. Nilitaka wanangu wapate nilichopata. Mume wangu hakunipinga, alisema tu, "Tusa, ongea na mama kwanza." Nilijua mama atafurahi. Nilijua akishafurahi, mume wangu hatakuwa na la kusema, na nakiri hilo nalo lilikuwa kwenye hesabu zangu.

Nikampigia. Nikamwamkia, nikamweleza. Nikasikia kuku wake nyuma.

"Unakuja huku kukaa na nani?" akauliza.

"Na wewe, mama."

"Mimi unakuja kunitembelea. Watoto wako watacheza na nani? Shule ya huku unaijua ilivyo mbali siku hizi, tangu wahamishe ile ya zamani. Nyumba za jirani zimebaki za wazee. Mama Gaudensia tumemzika, baba yako tumemzika. Unachotafuta, mwanangu, hakipo kijijini. Kilikuwa watu."

Nikasema, "Lakini mama, wewe utabaki peke yako."

Akacheka, kile kicheko chake kifupi. "Baba yako aliponileta huku, unadhani mimi sikuwa na mama? Nilikuwa naye, Tukuyu, peke yake, na migomba yake. Nilipofungua begi siku ile nilikuwa namlilia yeye. Lakini niliangalia ninyi mtakua wapi vizuri. Na wewe angalia wako. Mume wako ana akili. Nendeni Namanyere."

Miaka yote hii nimekuwa nikihesabu utoto wangu kama zawadi kutoka kwa baba, mama na kijiji kizima. Sikuwahi kumhesabu yule bibi wa Tukuyu aliyebaki nyuma ili mimi ninywe uji wa ulezi. Nilimwona mara mbili tu maishani. Mara ya kwanza nilikuwa mgongoni kwa mama, kwa hiyo hata hiyo sina uhakika kama naikumbuka au nilihadithiwa.

Jioni nilimwambia mume wangu, Namanyere. Hakushangilia, alinyanyuka akaniongezea chai. Tutahama shule zikifungwa. Petro ameshaniuliza cherehani yangu ikae upande gani wa nyumba, anataka dirisha liwe hapo.

Sisi wa rika letu tunapenda kusema zamani kulikuwa kuzuri, na mimi nimesema hivyo ukurasa huu wote. Watu walikuwepo, ni kweli, na majembe yao begani. Lakini zamani mtu akihama, mama yake alibaki anasikiliza barabara mwaka mzima. Siku hizi nikipanda basi Namanyere alfajiri, jioni niko kwa mama na wanangu wawili. Na siku ambazo siendi, hata mtandao wa Petro ukikataa, mkubwa wangu atapanda mwinuko wowote ule, ashike simu juu, na bibi yake atamsikia akimwambia shikamoo. Bibi yangu mimi alinisikia nikimwambia hivyo mara moja tu.