Ngazi za Vulamba na Kifuniko cha Bia

Hakuna kitu kinaweza kunishangaza miye. Nilianza kuuzisha vitunguu vya Kayna bila viatu muguuni, leo niko na depo mbili za sima ya kujengea hapa Butembo, na cheti cha masomo sina hata kimoja. Donc munisikilize vizuri, nyinyi batu ba umri wangu muliopita ndani ya vita na mungali munapumua.

Wakati tulikuwaka batoto pale Vulamba, mutaa wa hapa Butembo, muchezo haukukuwa ndani ya telefone. Mulima ndiyo ulikuwa muchezo. Baba zetu balichimba ngazi ndani ya udongo mwekundu kushuka kwenye chemchem, na mvua ikinyesha zilikuwa zinateleza kama sabuni. Mutoto anasimama kwenye ngazi ya katikati, anarusha kitu chenye sura mbili. Sura moja, anapanda ngazi moja. Sura ingine, anashuka moja. Anarusha mara ine. Mbele ya kurusha, kila mutu anasema ataishia wapi, na mwenye kupatia anakula avoka za bote.

Vita ikafunga masomo. Mama akanituma Beni kwa mama mukubwa, kule mutaa wa Ruwenzori, kwenye joto na sombe, majani ya muhogo yenye kuogelea ndani ya mafuta ya mawese. Jirani yetu alikuwa Abdala, mutoto wa muchofere mwenye kusafirisha mizigo mpaka Uganda. Kwetu feza ilikuwa makaratasi tu, mais Abdala alikuwa na feza ya chuma ya Uganda, ile inalia ikianguka. Tukachora mistari barabarani mahali pa ngazi, tukacheza nayo.

Pale ndipo akili yangu ilifunguka, na hakuna mwalimu aliifungua. Nilipanga maharagi chini, nikatafuta njia zote za kurusha mara ine. Ziko kumi na sita. Juu, juu, chini, chini, unarudi. Juu, chini, juu, chini, unarudi vilevile. Njia sita zinakurudisha mahali ulianzia. Ine zinakuacha mbili juu, ine mbili chini. Ya kufika mwisho kabisa juu ni moja tu, na ya mwisho chini moja. Donc kila mara nilisema: katikati. Sikushinda kila mara, mais nilishinda kupita bote.

“We ndugu, ulilambishwa dawa gani?” Abdala alikuwa ananiuliza.

Mama mukubwa aliona avoka zimejaa chini ya kitanda changu, akasema: “Huyu atakuwa ao mutajiri ao mwizi.”

Nikarudi Butembo na kifua mbele. Mama alikuwa ameniwekea simbiliki jike yenye mimba. Munazikumbuka, tunyama tule tulikuwa tunalala pembeni ya moto jikoni. Askari bakipita, mbuzi inaenda, kuku inaenda, simbiliki inabaki. Mama akaniambia: “Hii ikizaa, batoto yake ndiyo minerval yako. Masomo yakifunguliwa, unaingia.” Feza ingine ya kunisomesha haikukuwa.

Bon. Butembo feza ya chuma haikukuwa, donc kwenye ngazi tulirusha kifuniko cha chupa ya bia. Kikianguka kinywa juu, ule upande wa wazi, unashuka. Kinywa chini, unapanda. Miye nikasema katikati. Kasereka, kijana wa nyumba ya juu, akasema: mbili chini. Tukarusha, tukarusha tena, jua likageuka, avoka zangu zikaisha. Niliwaza bahati imekasirika tu, itarudi.

“Profesa wa Beni,” Kasereka alisema huku anatafuna, “ongeza kitu.”

Nikaleta simbiliki. Kinywa juu, kinywa juu, kinywa chini, kinywa juu. Mbili chini. Kasereka akaibeba ndani ya shati yake, inalia kwii, kwii, mpaka juu.

Mama hakunipiga, na ningependa anipige. Alifunika moto na majivu, akasema: “Kesho utafuata yaya yako, ule mukubwa wako, kule Kayna. Utabeba vitunguu.” Masomo yakafunguliwa, benzangu bakaingia na mashati meupe, miye nikapita na gunia kichwani. Lile gunia lilinifanya mutu, hiyo sifichi.

Mwaka huu binti yangu Masika, mwenye kusoma hesabu iniversite, alikuja vakansi na kitu banaita loi binomiale, hesabu ya kubahatisha. Nikacheka. Nikamupangia maharagi yangu, njia kumi na sita. Akachukua kifuniko, akakirusha kwenye kiwanja mpaka chakula kikapoa.

“Papa, njia zako sita ni za kweli. Mais hazina uzito sawasawa. Feza ya chuma ni nusu kwa nusu. Hii inaanguka kinywa juu karibu mara saba juu ya kumi. Katikati inabakia na robo tu. Mbili chini inapata makumi ine juu ya mia.”

“Kasereka hakukuwa na dawa?”

“Hapana, papa. Alikuwa anaangalia kifuniko.”

Sikula ile siku.

Leo zile ngazi zimefunikwa na sima, ingine ni yangu. Batoto banakaa juu yake, vichwa chini, vidole vinakimbia kwenye kioo, na akipita mutu mukubwa habamuoni. Hakuna mwenye kupiga kelele “katikati” mpaka mama yake amuite kwa hasira kwamba maji ya chemchem iko wapi. Ningelipa kusikia ile kelele tena. Hilo jibu la Masika, nililipia tayari: minerval ya miaka tatu, chumba na vitabu ndani, dola elfu mbili mia moja makumi tatu na tano.