Mstari Alioufunga Selpher

Dada yangu Selpher Lusweti alikuwa mtu wa kukutia kizunguzungu. Jumamosi moja ya mwaka 1981, katika chumba chetu cha mtaa wa Baba Dogo, Nairobi, alisugua sufuria iliyokuwa safi, akaisuuza, akaanza kuisugua tena. Mimi nilikuwa nimetoka zamu ya kiwanda cha sabuni, miguu inaniwaka moto, na sikuwa na subira ya mtu yeyote.

"Dada, tulia bana! Una nini?"

"Asenath, nimechora uongo," akasema.

Kwanza mjue kazi yake. Zamani alichora ramani kwa wapimaji wa ardhi; viwanja vingi vya Dandora vilipita chini ya kalamu yake kabla havijapata hata choo. Baadaye Dakta Njogu wa chuo kikuu akamchukua. Huyo alichunguza eksirei zinazotoka kwenye makundi ya galaksi. Hewa yetu huzizuia eksirei hizo zisifike chini, kwa hivyo darubini ilirushwa juu kabisa, ikazihesabu huko, na hesabu zikamfikia Dakta kwa posta, karatasi zilizojaa miraba yenye namba. Kazi ya Selpher ilikuwa kuunganisha namba zinazolingana kwa mstari, vile ramani inavyoonyesha kilima.

Katika kundi moja alichora mstari mkubwa uliozunguka galaksi mbili kwa pamoja. Dakta karibu aruke kwa furaha. Maana yake ni kwamba gesi ya moto ilijaa katikati ya galaksi hizo, gesi ya kundi zima. Akaandika makala ya kupeleka ng'ambo, na jina la Selpher akaliweka kando ya lake. Mchoraji tu, binti wa mashambani Kimilili! Pasta alitangaza kanisani, kwaya ikaimba, nami nikawatambia wenzangu kiwandani hadi wakanichoka.

Kumbe katikati ya zile galaksi miraba ilikuwa mitupu. Mhimili mwembamba wa darubini yenyewe uliikinga, hakikuhesabiwa kitu. Lakini mchoraji wa ramani hufundishwa kwamba mstari wa kilima hauachwi ukining'inia. Sharti uzunguke urudi ulikoanzia. Mkono wa Selpher ulipita juu ya miraba ile bila hata kumwuliza. Aligundua Ijumaa, na makala yalikuwa yaingie posta Jumatatu.

"Pengine gesi iko," nikamwambia.

"Pengine. Lakini darubini haikuiona, na mimi nimeichora."

"Basi funika kombe mwanaharamu apite! Nani atapanda huko juu kukagua?"

Alienda mlangoni, akarudi, akakaa kitandani, akainuka. Chumba chenyewe kilikuwa hatua nne, na alizipiga zote mara mia. Nilimwambia kama ana hamu ya kutembea aende Kiamaiko akaninunulie nyama ya mbuzi. Kesho yake kanisani midomo yake haikufunguka hata kwa wimbo anaoupenda. Jumatatu alitoka kabla chai haijachemka.

Alipomweleza, Dakta Njogu hakumgombeza. Alisema tu, "Ukiutoa mstari huo, Selpher, makala hayapo." Akaichomoa picha kutoka kwenye bahasha, akampa karatasi za kundi lingine.

Jumapili iliyofuata dada alisimama mwenyewe mbele ya waumini, hakuna aliyemwita.

"Jina langu halitaandikwa," akasema. "Nilichora mahali ambapo hapakupimwa."

Mama Nabiswa, kiongozi wa akina mama, akauliza kwa sauti, "Kwa hivyo vile vigelegele tulipiga bure?"

"Bure, mama."

Mtu wa nyuma akacheka. Selpher akarudi kuketi kando yangu. Nami, niliyejua alivyoteseka siku zile kuliko yeyote mle ndani, niliona haya mbele za watu, nikajisogeza kwenye benchi ili tusigusane. Aliona. Miaka imepita, na sijamwomba msamaha.