Hoja ya Tatu

Juzi nilifungua daftari la marehemu baba, aliyekuwa mwinjilisti wetu kule Buzebazeba, na nikawa kama nasikia tena harufu ya mawese.

Alasiri moja, nikiwa bado mtoto mdogo, mama alikuwa ziwani, akirudi kwa boti kutoka Ilagala na madumu yake ya mawese. Upepo uligongagonga mabati. Baba alikuwa mezani akiandaa mahubiri ya Yesu kutuliza dhoruba. Aliandika huku akisoma kwa sauti: kwanza, mawimbi yaliingia chomboni, pili, wanafunzi waliogopa. Kisha kalamu ikasimama.

Mimi niliamini kwamba baba akiandika jambo, ziwani linatokea. Nikaanza kulia.

“Baba, andika ya tatu. Andika ziwa limetulia.”

“Bado, Neema. Kaa hapa na mimi.”

Alinishika mkono. Kiganja chake kilikuwa kimelowa jasho, nikadhani anaumwa homa.

Hatimaye mama aliingia, amelowa chapachapa, ananuka mawese. Baba aliinama akaandika.

Miaka yote nilijua aliandika nilichomwomba. Kumbe mbele ya namba tatu hakuna ziwa wala dhoruba. Ameandika tu, “Mama Neema amefika.”