Sahani Iliyorudi na Pilipili

Juzi nilisimama mbele ya friji la duka moja pale Kyela mjini, nikasahau nilichofuata. Nilikuwa njiani kwenda Talatala kumwona mama, nimeingia kununua sukari na sabuni, kama kila anayekwenda nyumbani. Friji lilikuwa na jibini. Kulikuwa na vipande vya pilipili, vya kitunguu saumu, vya moshi, na vikopo vya jibini laini ya kupaka iliyochanganywa na majani ya kijani. Kyela hii hii, ndugu yangu. Nikachukua ya kitunguu saumu na ya moshi. Mwenye duka, mzee mmoja mwenye asili ya pwani, akaniuliza kwa upole kama ninajua kuila, maana wengine huirudisha wakisema imeoza.

Nikamwambia, "Mzee wangu, hiyo nimekua nayo."

Akadhani ninatania. Hata wewe unaweza kudhani hivyo, kwa hiyo kaa nikueleze.

Kwetu Wanyakyusa, zamani mkamwana hakuonana na baba mkwe wake. Sisemi walikuwa na ugomvi. Hawakuonana tu. Mama akimwona babu anakuja njiani, aliingia migombani akageuza uso. Hakutaja jina lake, hakuingia nyumbani kwake, hakuwahi kusema naye neno. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima. Familia nyingi zilikuwa zimeshaanza kuilegeza, lakini babu na mama walikuwa watu wa kushika walichokabidhiwa. Nyumba zao zilitazamana, katikati kuna uwanja uliofagiliwa kila asubuhi, na mimi ndiye niliyeuvuka na vyakula na salamu. Baba alikuwa dereva wa malori, tulimwona kwa nadra.

Bibi alipokuwa hai hapakuwa na tatizo. Alikuwa na kibuyu chake cha maziwa. Alikifukiza ndani kwa moshi wa vijiti vya mpera, akamimina maziwa, yakalala humo mpaka yakaganda yakiwa na harufu ya moshi. Babu aliyala na viazi vitamu kila siku ya Mungu. Bibi alipofariki masika moja, babu alikitundika kibuyu kile juu ya kitanda chake, akakataza mtu yeyote kukigusa. Kisha akaacha kula.

Hakususa. Alijaribu, maskini. Mbalaga ya mama, ndizi zilizolainika kwenye karanga, ilirudi. Wali wetu, unaonukia mpaka barabarani, ulirudi. Usipa, dagaa wa ziwani, ulirudi na macho yake yote. Wazee wa kanisa walikuja kumwombea, akaitikia amina vizuri kabisa, wakaondoka, na chakula kikarudi.

"Mdomo wangu umekufa, mke wangu," aliniambia, maana ndivyo babu zetu walivyotutania wajukuu wa kike.

Nilikuwa mtoto, lakini nilielewa. Babu alikuwa anamfuata bibi. Na mama, ambaye sasa ndiye aliyebaki kumlisha, hakuweza hata kuvuka uwanja kwenda kumsihi. Nilimwona akipokea sahani zile zilizojaa, akikaza midomo, na nilikuwa naogopa sana.

Jirani yetu alikuwa mwanamke wa biashara. Alivuka Kasumulu kwenda Malawi na mchele, akarudi na vitu ambavyo hatukujua hata vinashikwaje. Siku moja alituletea boksi la duara, ndani yake vipande vya pembetatu vimefungwa kwa karatasi inayong'aa. Nililamba changu. Kilikuwa na chumvi, kilikuwa na maziwa, kilitanda ulimini na kukataa kuondoka. Nilidhani pengine ndicho wanachokula malaika. Mama yeye alinusa kwanza, kwa muda mrefu.

"Mwenzangu, hiki ni nini?"

"Maziwa tu. Yameganda, wakayatoa maji, wakatia chumvi. Wenyewe wanaita jibini. Kuna ya pilipili, kuna ya vitunguu, kila mtu na mdomo wake."

Mama alikuwa anaitazama nyumba ya ng'ambo ya uwanja.

Kesho yake aligandisha maziwa kwenye chungu, akayamimina katika kitambaa cheupe, akakifunga na kukining'iniza kwenye boriti ya jikoni. Maji yakadondoka kwenye beseni kutwa nzima. Nilikaa chini yake nikitazama, kama wenzangu wanavyotazama sinema. Kitambaa kilipofunguliwa, maziwa yalikuwa yamekuwa kitu kingine, cheupe, kizito, kinachokubali alama ya kidole. Mpaka leo nimekula jibini za kila namna na sijaona muujiza kama ule. Mama akatia chumvi, akaweka donge moja pembeni ya viazi vya moto, akanituma.

Babu alionja kidogo sana. Akafikiri. Akaonja tena. Kisha akatoka, akachuma pilipili moja nyekundu kwenye mche uliokuwa nyuma ya nyumba, akailaza juu ya donge lililobaki, akanipa sahani.

Mimi sikuelewa kitu. Mama alipoiona ile pilipili alicheka, mara ya kwanza tangu msiba. Kesho yake akaitwanga pilipili ndani ya jibini. Sahani ikarudi imepungua nusu, na juu yake kuna limau bichi. Basi siku iliyofuata akaweka na limau. Mara ikarudi na kipande cha tangawizi. Mara mama akabuni mwenyewe, akatia kitunguu saumu kilichochomwa jivuni, na hiyo sahani ilirudi na yai la kuku, zima, zawadi yetu. Nilivuka ule uwanja nikiwa nimebeba mazungumzo, nami mtoto nilijua hivyo, na nilitembea polepole nisije nikayamwaga. Watu wawili ambao hawajawahi kupeana hata salamu walikuwa wanaulizana na kujibizana, na wanataniana. Haba na haba hujaza kibaba: shingo ya babu iliyokonda ikaanza kujaa.

Na sisi tuliobaki jikoni tulijifunza kuila. Nakupa bure: ndizi ya kuchoma ipasuliwe ikiwa bado inatoa mvuke, jibini ipakwe ndani iyeyuke yenyewe. Ya pilipili iende na kiazi kitamu, kwa sababu utamu na ukali hupendana. Ya kitunguu saumu weka juu ya wali wa moto uliobaki peke yake bila mboga, utasahau nyama. Na hizi za friji usizile zikiwa baridi, ziache mezani kwanza zipate pumzi.

Siku moja babu alimaliza sahani yote. Aliifuta na kiazi cha mwisho, akaitazama. Akaingia chumbani, akakitungua kibuyu cha bibi, akakipangusa vumbi kwa kiganja.

"Mpelekee mama yako," akasema. "Mwambie moshi ndio haumo."

Mama alikipokea kwa mikono miwili. Akapiga magoti pale pale jikoni, ameelekea nyumba ya babu, na akasema kwa sauti, sauti ya kusikika uwanjani, "Ndaga fijo, tata." Asante sana, baba. Sikuamini masikio yangu. Kutoka ng'ambo babu akakohoa mara moja, kile kikohozi cha mtu anayesema nimesikia. Ndicho pekee walichowahi kuambiana kwa mdomo. Babu aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila jibini iliyomfikia ilikuwa ya moshi wa mpera.

Kibuyu kilipasuka siku nyingi. Ng'ombe hawapo, palipokuwa zizi sasa pana kakao. Ile desturi nayo imekwisha: mke wa kaka yangu hukaa na baba sebuleni wakitazama taarifa ya habari, wanabishana, na mimi nafurahi kuona. Ila nikikumbuka ule uwanja, na jinsi nilivyouogopa na kuupenda, huzuni hunishika. Hakuna tena anayehitaji kuvushiwa sahani.

Basi juzi nilimkatia mama ile jibini ya kitunguu saumu. Macho yake siku hizi hayaoni vizuri. Akatafuna taratibu, akauliza bei, akaguna. Kisha akainuka na fimbo yake akatoka nje, nikadhani anakwenda kutema. Alirudi akakaa, akanisogezea sahani. Juu ya kipande kilichobaki alikuwa ameweka pilipili moja nyekundu.