Ukigusa, Umecheza

Pale chuoni walimwita Hakimu, wala si kwa mapenzi. Miaka mitatu alikuwa akiwafundisha wenzake sataranji katika bwalo la chakula, meza zikiwa hazijakauka baada ya kufutwa, na miaka yote hiyo kanuni yake ilikuwa moja: ukigusa, umecheza. Kete ikikaa upande na unataka kuinyoosha, sema kwanza "naweka sawa". Usiposema, imekula kwako. Aliwaliza wangapi!

Jumamosi hiyo mwenyewe ndiye aliyekalia kuti kavu. Alikuwa amefeli somo lile lile mara mbili, na mkuu wa kitivo alishamwambia wazi: wachezaji wa timu ya chuo huruhusiwa kurudia mwaka, wengine hurudi kwao. Nafasi kwenye timu ilibaki moja, na angeipata mshindi wa mchezo wa siku hiyo. Hakumwambia mtu, hata mama yake. Heshima ndiyo iliyomfunga mdomo, na heshima ya namna hiyo ni ujinga mtupu.

Aliyeketi mbele yake alikuwa binti wa mwaka wa kwanza, mwanafunzi wake mwenyewe. Kufikia saa nne na nusu asubuhi Hakimu alishamshika pabaya: hatua mbili tu, mchezo umekwisha. Akashusha pumzi. Mfalme wake alikuwa amekanyaga mstari. Mkono, kwa mazoea ya mtu asiyevumilia kitu kukaa upande, ukamnyoosha. Mdomo ukasahau.

Binti akainama. "Kaka, cheza tu. Mimi sijaona kitu."

Na Hakimu, Mungu amsamehe, alikuwa tayari kukubali. Lakini waliozunguka meza wote alikuwa amewafundisha yeye, na siku hii waliingoja kwa hamu. "Ukigusa, umecheza!" wakaimba, huku wakicheka mpaka machozi. "Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu!" Mwamuzi akaja, akauliza kama ni kweli. Hakimu akaitikia kwa kichwa.

Mfalme alikuwa na mahali pamoja tu pa kwenda, kule kona. Akamsogeza. Farasi wa binti akaruka, ikawa basi. Wenzake wakampigapiga mgongoni kwa utani, wakisema mwalimu bora ni yule anayefungwa na mwanafunzi wake.

"Pole, kaka," binti akamwambia mlangoni. "Jumatatu utanifundisha kujikwamua pale uliponibana?"

"Nitakufundisha," akasema, kisha akapanda ngazi kwenda kufungasha nguo zake.