Fundi Bomba Anayebisha Hodi kwa Mama Yake

Saa mbili kasorobo asubuhi, Jumamosi, kinachoonekana cha Dada Spana ni miguu miwili tu. Sehemu yake nyingine yote iko chini ya sinki la saluni, ambako nywele za wiki nzima zimejisokota kama paka aliyenyeshewa.

"Maji umefunga, dada?" anauliza mwenye saluni, gauni amelikunja mpaka magotini kwa tahadhari.

"Mimi?" sauti inatoka chini. "Mimi hata ukinipa maji ya kunywa, nafunga koki kwanza."

Mwenye saluni anacheka. Hajui kwamba jibu hilo lina historia, tena historia yenye maji mengi.

Dada Spana ana miaka ishirini na tisa, na huu ni mwaka wake wa nne katika kazi ya mabomba. Siku nzuri anapata kazi nne. Siku mbaya anapata asante mbili na kikombe cha chai, ambacho dini yake haimruhusu kukinywa.

Ufundi hakuusomea. Aliuanzia ng'ambo, alikokwenda kwa miezi kumi na minane kama mmisionari wa Kimormoni. Mama yake, mshona nguo, alimshonea sketi sita za safari, kisha akatangaza mtaa mzima kwamba binti yake anakwenda kuokoa roho za watu.

"Nilijiona nimeshafika mbinguni, nimerudi tu kuwachukua wengine," anasema huku akifuta mikono.

Wengine hao hawakuwa na haraka. Wamisionari hutembea wawili wawili, na sharti kubwa ni kutoachana na mwenzako. Yeye na mwenzake walibisha milango thelathini kwa siku, na yote ilifungwa, mingine kwa adabu. Kila mlangoni waliuliza, "Kuna jambo lolote tunaloweza kukusaidia?" Watu wakajibu hakuna. Kila mwisho wa wiki, kwenye ripoti, penye saa za huduma waliandika sifuri, na sifuri ile ilimkera kuliko milango yote.

Ndipo bibi mmoja wa ghorofa ya nne akasema lipo: sinki limeziba.

"Tukatazamana. Hakuna kati yetu aliyewahi kushika spana. Nikajibu, 'Hilo tu, bibi?'"

Walifungua bomba la kwanza waliloliona, nalo lilikuwa la maji yanayoingia. Maji yakaruka mpaka darini. Mtu mwenye akili timamu angeshika bomba, mwenzake akakimbilia koki. Lakini sharti ni sharti, hawaachani. Wakashuka mbio wote wawili ghorofa nne kutafuta koki uani, bomba wakamwachia bibi.

"Tulikuwa watiifu sana," anasema. "Nyumba inazama, sisi tuko pamoja."

Kumbe koki ilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni. Aliyeifunga ni jirani wa chini, aliyepanda na shuka lake limelowa chapachapa.

Wiki nzima walikausha godoro la jirani na kufua mazulia. Dada Spana akaandika kwenye ripoti saa kumi na tisa za huduma, akampelekea bibi aione. Bibi akaisoma polepole.

"Mjukuu wangu," akauliza, "mlitaka kunisaidia, au mlitaka kuonekana mnasaidia?"

Dada Spana hafichi kwamba alilia kwa aibu. Alizifuta zile saa. Tangu hapo kila wiki alirudi na mwenzake kwa bibi, safari hii wakauliza na kusubiri jibu. Alichotaka bibi kilikuwa mtu wa kumtungia uzi kwenye sindano. Wakatunga uzi, na kwenye ripoti hawakuandika kitu. Fundi mzee aliyeitwa kurekebisha mabomba ya jikoni kwa bibi alikubali Dada Spana amshikie tochi, akamfundisha kufunga maji kabla ya kufungua chochote.

Aliporudi nyumbani, mtaa ulijipanga kumpokea mhubiri. Akashuka na boksi la vifaa.

"Nilimpeleka akaokoe roho, amerudi na spana," mama yake anasimulia, na cherehani hasimamishi. "Majirani wananiuliza, mama mhubiri, vyoo vinaendeleaje?"

Sinki la jikoni kwa mama huyo linavuja mwaka wa nne huu. Chini yake pana beseni analomwaga mara tatu kwa siku, na kiuno kimeanza kumdai. Ameita mafundi wawili wa mtaa wa pili, wote wakaliongezea tundu. Bintiye hamwiti.

Dada Spana naye halishiki. Kila Jumamosi mchana, akishamaliza kuwatengenezea wazee mabomba yao bure, anabisha hodi kwa mama na kuuliza swali lake lilelile la ng'ambo. Mama anajibu, "Hakuna. Ingia ule."

Kwa nini asiingie tu akatengeneza?

"Nilishawahi kumsaidia mtu kabla hajaniambia anachotaka. Jirani yake akalala sakafuni," anasema. Kisha sauti inapungua. "Sinki si kitu. Nataka mama aache kunionea haya. Hilo halina spana."

Jumamosi hii anapofika, mlango uko wazi nusu. Mama amesimama jikoni, mkono mmoja kiunoni. Beseni limefurika, na maji yanaelekea kwenye kitambaa cha mteja alichokitandika chini akikate.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Kuna jambo lolote tunaloweza kukusaidia?"

Mama anatazama beseni. Anatazama kitambaa. Anamtazama mwandishi wa habari hizi, aliyefuatana na bintiye tangu saluni, kana kwamba yeye ndiye aliyetoboa bomba.

"Lipo," anasema. "Na viatu uvue."

Dada Spana anavua viatu upesi, mama asije akabadili mawazo. Anajilaza chali, miguu nje, macho yake yamelowa, na si kwa maji ya bomba. Anasema baada ya hapa anataka kufungua darasa dogo la Jumamosi la kufundisha wasichana ufundi, kama mama atakubali kumwazima sebule.

Mama amekunja gauni mpaka magotini, amepanda juu ya kigoda, kitambaa cha mteja kifuani. Kisa cha ghorofa ya nne bintiye amemsimulia mara nyingi, na kila mara yeye alijifanya anasikiliza cherehani.

"Wewe mtoto," anaita kutoka juu. "Koki umefunga?"